Silinda ya ndoo inavuja tena baada ya kuwekewa sili mpya

Ndugu, kama sili mpya (pete ya kuzuia mafuta) ya silinda inayosukuma ndoo ya mashine ya kuchimbia imevuja ndani ya wiki moja, na fimbo (chuma kinachoingia na kutoka kwenye silinda) ina mkwaruzo, usinunue sili nyingine kwanza. Mara nyingi tatizo ni fimbo.

Shusha ndoo hadi chini, zima injini, kisha cheza na leva za ndoo huku na huku ili presha iishe. Usitafute mvujo kwa kidole: mafuta yenye presha hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la hospitali mara moja.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usiponasa, lainisha kingo kwa msasa namba 400, halafu 600, ukizungusha kuizunguka fimbo. Ukisugua kwa urefu unayachimbia mafuta mifereji ya kutokea. Ukucha ukinasa, au kromu (ngozi ngumu inayong'aa ya fimbo) ikibanduka, fimbo ikakerezwe na kupakwa kromu upya, au ibadilishwe. Ipime kama imenyooka pia, maana fimbo iliyopinda hula bushi (pete inayoongoza fimbo) na sili upande mmoja.

Ukishafungua silinda, mulika ndani yake. Mikwaruzo humo huharibu sili za pistoni. Midomo ya sili ielekee kwenye mafuta yenye presha, ila ya kuzuia vumbi hutazama nje. Nati ya pistoni kazeni kwa kipimo cha kitabu cha mashine; ikilegea, pistoni huchomoka.

Mwisho toa hewa: injini ikizunguka taratibu, nyoosha na kunja silinda polepole mara kadhaa bila kugonga mwisho, kisha ongeza mafuta ya haidroliki.