Maswali ya Wasomaji: Maltese, Mbwa wa Kilo Tatu

SWALI: Mbwa wetu wa Maltese ana miaka 2. Nikimpakata, mume wangu akija kukaa karibu ananguruma, na juzi nusura amng'ate. Nikimkemea ananyamaza, kesho yake yale yale. Watu wa nyumbani wanasema ni wivu tu. Je, ni kweli?

JIBU: Iite wivu ukipenda, ila mbwa wako ameshajua jambo moja: akinguruma, mtu anarudi nyuma. Mbwa wa kilo 3 akifanya hivyo watu hucheka. Angekuwa wa kilo 40, mngetafuta msaada siku ile ile.

Acha kumkemea. Kunguruma ni onyo, na ukimzoeza kunyamaza kilichomsumbua kinabaki pale pale, kisha siku nyingine ataruka moja kwa moja kwenye mkono. Akianza, inuka taratibu ili ashuke mwenyewe, bila neno. Usimsukume.

Halafu fanyeni zoezi, dakika 3 hadi 5, mara mbili kwa siku. Mpakate, mume asimame mbali kiasi kwamba mbwa anamwona lakini mwili wake umelegea. Mume amrushie kipande cha nyama kisichozidi punje ya mahindi, kisha aondoke. Ajaye na nyama na kuondoka hana kitisho. Mkiona mbwa ametulia mara kadhaa, mume asogee hatua moja. Mbwa akikaza mwili, akifunga mdomo ghafla, akijilamba pua au akionyesha weupe wa jicho, mmekwenda haraka mno: rudini hatua mbili. Wengi huharibu hapa kwa kutaka kumaliza siku moja. Chakula cha jioni nacho akitoe mume.

Ikiwa tabia hii imeanza ghafla, anzeni kwa daktari wa mifugo. Mbwa wadogo hupata sana tatizo la kifuniko cha goti kuteleza kutoka mahali pake. Utamwona akikimbia, anakunja mguu wa nyuma kwa hatua chache, kisha anaendelea kama kawaida. Mwenye maumivu hataki kuguswa.

SWALI: Namwogesha kila wiki kwa shampuu nzuri, lakini manyoya yanazidi kusokotana. Nibadilishe shampuu?

JIBU: Shampuu haina kosa, mpangilio ndio wenye kosa. Maltese ana tabaka moja tu la manyoya marefu laini, hana yale mafupi ya chini. Yanayong'oka hayaanguki sakafuni, hunaswa kati ya mengine na kufanya fundo. Fundo likilowa na kukauka hukaza zaidi, kwa hiyo mchane kwanza, ndipo umwogeshe.

Mlaze ubavu, yagawe manyoya kwa mstari, uchane tabaka moja baada ya jingine kuanzia ngozini. Ukipitisha brashi juujuu utapata mbwa anayeng'aa juu na mkeka chini. Maliza na chanuo la chuma, likikwama, bado. Kagua nyuma ya masikio, kwapani, kinenani na unapopita mkanda wa kifua. Fundo lifungue kwa vidole kuanzia nchani, huku umeshika shina lisivute ngozi. Usilikate kwa mkasi: ngozi huvutwa ndani ya fundo, na ni nyembamba mno. Baada ya kuoga, kandamiza taulo bila kusugua.

Kazi hii ni ya kila siku. Usipoipatia muda, mnyoe abaki na sentimita 2 au 3 na uendelee na maisha. Kwa maoni yetu manyoya marefu yanawafaa mbwa wa maonyesho.

SWALI: Mtoto wa mbwa wa miezi 7 ana chonge mbili mbili, pacha. Nisubiri?

JIBU: Hapana. Chonge za ukubwani huota kwenye miezi 5 au 6, na ya utotoni ilipaswa kutoka. Chakula kinanasa katikati, fizi zinaoza na jino jipya linapinda. Daktari aing'oe kwa nusukaputi. Wewe usijaribu na koleo, kwani mzizi wake ni mrefu na huvunjikia ndani. Baadaye mswaki kila siku, kwa dawa ya meno ya mbwa tu, maana baadhi ya dawa za binadamu zina zailitoli, kiongeza utamu ambacho kwa mbwa ni sumu.