Tetere aliyekufa kwenye baraza, na shemeji anasema umerogwa

Pole dada. Unasema umemkuta tetere amelala chali kwenye baraza lako huko Kileleshwa, hana jeraha, na shemeji yako ameshaamua ni uchawi. Kabla ya kumtafuta mganga, tafuta alama kwenye kioo.

Simama pembeni asubuhi jua likipiga dirisha la sebuleni. Njiwa na tetere wana unga mwepesi kwenye manyoya, na wakigonga kioo kwa kasi huacha chapa kama ya chaki: kifua, mabawa, wakati mwingine hata kichwa. Mimi niliwahi kuiona kwangu nikadhani ni mkono wa mtoto. Ndege haoni kioo, anaona mti na mbingu vikiakisiwa humo, basi anapita kama njia iko wazi. Damu huvujia ndani ya kichwa, ndiyo maana nje yuko mzima.

Angekuwa paka ungekuta manyoya yametapakaa na matundu ya meno. Wakifa wengi pamoja, hapo shuku sumu au ugonjwa. Usiwaguse, wapigie maafisa wa mifugo.

Huyu mmoja mwokote kwa mfuko, mfukie au mtupe, unawe kwa sabuni. Mbwa asimle.

Halafu, ili ndege wakione kioo, bandika vidoti upande wa nje, vikaribiane, kama sentimita 5 hivi. Kibandiko kimoja cha mwewe katikati ni pambo tu. Ndege watapita pembeni yake, wagonge kioo.