Kabla hujapandisha ripoti za kidato kizima kwenye mfumo

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa ofisi ya taaluma mwaka huu, kompyuta na nenosiri la mfumo wa shule vikiwa juu ya meza, naomba nianze na simu niliyopigiwa Desemba ya mwaka wangu wa pili katika kazi hiyo. Shule ilikuwa imefungwa na ripoti za Kidato cha Kwanza nilikuwa nimezipandisha usiku wa jana yake. Nikaona namba ya mzazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Hii ripoti mliyoniwekea si ya mwanangu. Ila huyu mtoto namjua, na mama yake tunasali pamoja. Nimeona mpaka ada anayodaiwa."

Wanafunzi walikuwa 164. Ripoti tulizitengeneza kwenye Word kwa kuunganisha fomu ya ripoti na jedwali la alama, likatoka faili moja refu la PDF. Nikalikata ukurasa mmoja mmoja kwa programu, kisha nikayapa mafaili namba za wanafunzi kwa kufuata orodha, la kwanza kwa wa kwanza, la pili kwa wa pili. Kumbe mwalimu wa darasa alikuwa amemwandikia mtoto wa 37 maoni marefu, ya kumtia moyo, na mistari miwili ya mwisho ikamwagikia ukurasa unaofuata. Mtoto wa 38 akapata hiyo mistari miwili tu. Wa 39 akapata ripoti ya wa 38, na ikaendelea hivyo hadi mwisho wa orodha. Watoto 127 walibeba karatasi isiyo yao. Mfumo haukulalamika hata kidogo, kwa sababu kila faili lilikuwa na namba sahihi juu yake.

Dalili nilikuwa nayo mkononi. Kurasa zilikuwa 165 na wanafunzi 164. Ule ukurasa uliobaki niliufuta nikidhani ni takataka.

Kwa hiyo hesabu idadi kwanza: waliosajiliwa kwenye mfumo, mistari ya jedwali, kurasa za PDF, mafaili kwenye folda. Zikitofautiana hata kwa moja, acha kila kitu utafute huyo mmoja. Halafu ipe nafasi ya maoni kikomo ambacho hakiwezi kuvuka ukurasa, au utumie programu inayotoa faili la kila mwanafunzi peke yake na kulipa jina kutoka kwenye mstari uleule wenye alama zake. Hiyo njia ya pili ndiyo ninayoipenda. Faili linapopata jina kutoka mahali palepale palipotoka alama, orodha mbili hazipati nafasi ya kupishana.

Jina la faili liwe namba, lisiwe jina la mtoto. Nimewahi kuwa na Neema wawili mkondo mmoja, na jina la baba linafanana. Kuna majina yaliyoandikwa kwa namna moja kwenye cheti cha kuzaliwa na kwa namna nyingine kwenye rejesta. Lakini ulizia mapema ni namba ipi mfumo wenu unaitambua, maana mtoto wetu ana namba nyingi: ya kujiunga na shule, ya PReM (mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi) kutoka Baraza la Mitihani, na akifika Kidato cha Pili anapata ya mtihani. Ya mtihani ina mkwaju (/) kati ya namba ya kituo na ya mtahiniwa, na Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili. Ukiuondoa au ukiweka kistari, hakikisha mfumo utaelewa hivyo, la sivyo utarudishiwa kidato kizima kuwa hawatambuliki.

Excel nayo ina tabia zake. Namba 00457 ukiibandika ovyo inakuwa 457, na huyo mtoto hapatikani tena kwenye mfumo. Namba ndefu inageuka kuwa kitu kama 2.02E+11, na ukihifadhi CSV (jedwali la maandishi matupu) ikiwa imekaa hivyo, tarakimu zimekwenda. Kitu kama 5-12 inakifanya tarehe. Chagua ile safu, uiweke kuwa maandishi kabla hujabandika chochote. CSV ikishatoka, usiifungue tena kwa kuibonyeza mara mbili. Ifungue kwenye Notepad uone kilichomo kweli. Na ukipanga majina kwa alfabeti, panga jedwali zima. Ukipanga safu ya majina peke yake, alama zinabaki zilipokuwa na watoto wanahama.

Nisimame kidogo kwenye nafasi tupu, kwa sababu hapa ndipo watoto wanaumizwa bila mtu kujua. Binti aliyelazwa hospitali wiki ya mtihani wa Hisabati hana alama. Hajapata sifuri. Mifumo mingine ikikuta seli tupu inaandika 0, na kwa viwango vyetu vya Kidato cha Nne 0 hadi 29 ni F. Wastani unaanguka, nafasi inaanguka, na baba yake anasoma kwamba mwanawe ameshindwa Hisabati. Waulize waliotengeneza mfumo alama ya "hakufanya" inaandikwaje, kisha ijaribu kwa mwanafunzi mmoja. Na asiwepo mwalimu wa somo anayekuletea seli tupu bila kukuambia sababu. Mrudishie, hata kama ni mkubwa wako kazini. Utamsalimu kwa heshima zote, na utamrudishia.

Uzito wa mafaili hauhitaji maneno mengi. Nembo ya shule iliyopigwa picha kwa simu kali inaweza kulifanya kila faili liwe MB 4, na kwa watoto 164 hizo ni MB 656 za bando. Punguza nembo, faili lishuke chini ya KB 200. Pandisha mkondo mmoja kwa wakati. Mtandao ukikata katikati, usirudie yote kabla hujajua kama mfumo unabadilisha faili la zamani au unaongeza la pili. Vishikwambi vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu vinafaa kujazia alama darasani, lakini kukata na kuyapa mafaili majina fanyia kwenye kompyuta.

Kabla ya kupandisha wote, pandisha watatu: wa kwanza kwenye orodha, wa katikati na wa mwisho. Wa mwisho ndiye shahidi wako mkuu, kwa sababu kosa la kusogea kwa mstari mmoja lazima limfikie yeye. Kisha ingia kwa akaunti ya mzazi, maana akaunti yako ya msimamizi inaona kila kitu na haiwezi kukuonyesha anachokiona mama aliyeko nyumbani. Kama mfumo una hatua ya kuchapisha baada ya kupandisha, iache imefungwa mpaka mwenzako, si wewe, afungue ripoti kumi na kuzilinganisha na fomu za alama zilizosainiwa. Macho yako yameshachoka na yanaona unachotarajia.

Tangu Mei 1, 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika, na alama za mtoto pamoja na deni la ada yake ni taarifa binafsi. Siku hizi deni naliweka kwenye barua ya mhasibu, halipo kabisa kwenye ripoti ya taaluma.

Ukikosea licha ya yote hayo, ondoa kwanza, eleza baadaye. Mimi niliondoa ripoti zote 164, nikamwambia mkuu wa shule kabla hajasikia kwa mtu mwingine, nikawaandikia wazazi ujumbe mfupi nikikiri kosa bila kumtaja mtoto. Kisha nikampigia mama wa yule mtoto ambaye ada yake ilionekana. Alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza kitu kimoja: "Wameiona wangapi?" Nikamwambia ninayemjua ni mmoja. Akanyamaza, akaniuliza kama mwanawe ameshaambiwa, na nilipomjibu bado, akasema atamwambia mwenyewe jioni ile.