Historia ya Mkokotoni: anzia Tumbatu

Waalaykum salaam, mdogo wangu. Umeuliza uanzie wapi kuandika historia ya Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, kwa kuwa wazee wa kwenu wanataja kisiwa cha Tumbatu kila wakiulizwa asili yao. Wafuate hao hao. Mwanajiografia Yaqut al-Hamawi, aliyefariki 1229, aliandika kwamba watu wa Unguja walihamia Tumbatu, na kwamba wakaazi wake ni Waislamu.

Kwa hiyo shuka dikoni asubuhi, wakati wa mnada wa samaki, upande mashua inayovuka kwenda Jongowe, kijiji cha Tumbatu. Tazama maji kwanza: yakitoka, utakwenda kwa miguu matopeni mpaka uifikie. Ukifika, omba mwenyeji akupeleke Makutani. Pale pana magofu ya mji wa kale, na msikiti ukingoni mwa bahari. Kaa kwenye kibla yake uyaangalie mawe ya matumbawe yalivyochongwa. Mimi naona pale panafunza kuliko kitabu chochote.

Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, mjini Zanzibar, ziache mwisho. Waliobaki wanaojua nani alihamia lini na kwa sababu gani ni wazee, tena wanapungua. Warekodi sasa, kwa idhini yao, na akina bibi usiwasahau.