Maswali yenu: mafuta ya nazi, kikwapa na mkaa wa meno

Napika mafuta ya nazi ya kupaka mwilini, lakini baada ya wiki mbili yanachacha. Nakosea wapi?

Maji yamebaki ndani. Chukua nazi tano zilizokomaa, uzikune, kamua tui zito, chuja, kisha liache kwenye friji usiku kucha. Asubuhi utakuta utando mzito umeganda juu; uengue, maji ya chini tumia kwenye wali. Ukipika huo utando peke yake unaokoa gesi nyingi.

Moto uwe mdogo, na mwiko usitoke sufuriani. Povu litapanda, halafu tui litakatika: mashapo meupe huku, mafuta kule. Hapo wengi huepua, na ndipo kosa lilipo. Tega sikio. Maadamu sufuria inatoa mlio wa kukaanga, maji bado yapo. Mlio ukinyamaza na mashapo yakawa ya hudhurungi, epua na uchuje papo hapo, maana sufuria ya moto huendelea kuyaunguza na mafuta yatanuka moshi. Chupa iwe kavu kabisa. Tone moja tu la maji linatosha kuharibu kazi.

Utapata kama robo lita. Nazi zikipanda bei, piga hesabu kwanza. Pengine ya kununua ni nafuu. Yakiganda wakati wa baridi hayajaharibika: chini ya nyuzi 24 hivi ndivyo yalivyo.

Limau linaondoa kikwapa, ila ngozi imebabuka na kuwa nyeusi.

Acha leo. Limau ni kali mno kwa ngozi, na likipigwa na jua huunguza na kuacha madoa. Nunua jiwe la shabu. Ukishaoga, lilowanishe, lipitishe kwapani mara tatu nne, acha pakauke. Halizuii jasho, linapunguza vijidudu vinavyolinukisha. Siku uliyonyoa usilipake, litawasha. Lifute kabla ya kulihifadhi, la sivyo litayeyuka lenyewe kwenye kisahani.

Je, mkaa uliosagwa unaweza kuchukua nafasi ya dawa ya meno?

Hapana. Unakwangua meno, na hauna floridi, madini yanayokinga meno yasioze. Hapa usibane matumizi kwa kuacha dawa, bana kwa kipimo: mtu mzima anatosheka na kiasi cha punje ya njegere, si kujaza mswaki mzima kama kwenye matangazo.