Mazuku hayavumi

Msomaji wa Himbi, Goma, ameandika: «Jambo sana Mwalimu. Katika kitabu kimoja cha Kiingereza cha mambo ya volkano nimekuta neno mazuku. Wanasema ni Kiswahili, maana yake upepo mwovu. Ni kweli? Na tuseme mazuku imeua ao mazuku yameua?»

Jambo sana. Neno ni letu: ni jina la gesi ya volkano inayolala mashimoni na kuua. Limetoka kwenye mawe ya lava kati ya Goma na Sake, likaondoka na wataalamu wa volkano, na leo linaishi katika Kiingereza kama neno adimu ambalo Mwingereza wa kawaida hajawahi kulisikia. Kusafiri kwake hakuniudhi. Kinachoniudhi ni kwamba limerudi nyumbani limevishwa huo «upepo mwovu», nasi tunaupokea na kuuandika kwenye karatasi za mafunzo, kana kwamba jirani ndiye anayejua zaidi jina la mtoto wetu.

Kuhusu asili, sikio hukimbilia kitenzi zuka, yaani kutokea ghafla, kilichotupa pia mzuka. Maana inakubali, irabu ya mwisho inagoma, maana tungetazamia mazuko. Tuliache hapo.

Sasa huo upepo. Chukua sentensi ya namna hii: «Mazuku yalivuma Bulengo usiku kucha, yakaua mbuzi.» Sarufi yake haina doa. Ila jambo lenyewe haliwezekani. Mazuku ni hewa ukaa, ile gazi karboniki ya shuleni, inayopenya kutoka chini ya ardhi kupitia nyufa za lava. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, karibu mara 1.5. Kwa hiyo huteremka, hujaza shimo na kulala humo. Upepo ukija, huichanganya na kuitawanya. Basi kama kweli kungevuma usiku kucha, mbuzi yule angeamkia majani. Amekufa kwa sababu hakuna kilichovuma: usiku ulitulia, jua halikuwapo, gesi ikapanda shimoni kidogo kidogo hadi alfajiri, naye akashuka kula mapema.

Tena mbona amekufa mbuzi na mchungaji yuko hai? Kwa sababu pua ya mbuzi iko usawa wa goti la mchungaji. Mazuku yana kimo, kama maji. Mtu mzima anaweza kusimama ndani yake, kichwa kikiwa juu ya gesi, asihisi lolote, maana hayana rangi wala harufu. Akiinama kuokota kuni, au kumvuta mbuzi kwa pembe, amezama. Ndiyo sababu anayekimbilia kuokoa huanguka juu ya aliyetangulia. Hewa ukaa ikifika 10% ya hewa anayovuta, mtu anaweza kuzimia katika dakika chache. Ikizidi sana hapo, hapati hata nafasi ya kugeuka. Wanaopima kwa mshumaa nao wajue kwamba mshumaa huvumilia kiasi kinachomwangusha mwenye kuushika.

Kwa hiyo vitenzi vya mazuku ni vitenzi vya maji: hujaa, hutuama, hulala, hufurika. Kuvuma hakumo. Unayemwonya kwa kumtajia upepo atafunga dirisha na kumlaza mtoto chini sakafuni, penye gesi yenyewe. Au atangoja kusikia mvumo, na hautakuja.

Najua hoja itakayoletwa. Wingi wa upepo ni pepo, na pepo mbaya si hali ya hewa, ni shetani. Pengine hapo ndipo mtafsiri alipoteleza. Lakini hiyo inazidisha kosa: ukimwambia mtu kuwa shimo la nyuma ya nyumba lina pepo mbaya, ataita waombaji, nao watakuja kupiga magoti, mkao ulio mbaya kuliko yote mahali pale. Wengine huyachanganya na metani ya Ziwa Kivu. Metani huwaka, mazuku huzima moto; yatosha.

Kiingereza kimeongeza matumizi mengine: mazuku ni lile bonde lenyewe, kwa hiyo wanahesabu mazuku moja, mawili. Hili silipingi, maana hata Goma mtu husema «pale ni mazuku» akionyesha mahali. Ukitaka kutenganisha, sema shimo la mazuku.

Swali lako la pili ni jepesi. Ukiandika, andika mazuku yameua, katika ngeli ya maji na mafuta. Kama hayo, hayana umoja. Anayetafuta zuku moja aendelee kutafuta. Barabarani utasikia «mazuku imeua», kama tunavyosikia «maji iko», na sitamkimbiza mtu anayepiga kelele kuonya wenzake ili nimsahihishe ngeli. Ila anayeandika mazukus, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, amevaa kofia juu ya kofia: wingi tuliuweka mbele tangu mwanzo.

«Ao» yako sikuigusa. Hiyo ina siku yake.