Usilipie monita kabla hujaona picha ikitoka kwenye kishikwambi chako

Mkuu, hiyo monita usiilipie. Hela ibaki mfukoni kwanza, soma hapa.

Umesema umepata kishikwambi cha inchi 11 kwa bei nzuri, kina USB-C, na sasa unataka kuongeza monita, kibodi na mausi kikae mezani kama kompyuta, upigie hesabu na kuandikia ripoti. Unauliza uchukue monita ya inchi 24 au 27, kibodi ya waya au ya Bluetooth, na kama kitamudu mafaili yako ya Excel yenye makro, yaani zile amri zinazojiendesha zenyewe ukibonyeza kitufe. Wadau hapo juu wameshaanza kubishana inchi 24 na 27. Hakuna hata mmoja aliyekuuliza swali ambalo lingepaswa kuja kabla ya yote: hicho kishikwambi kinatoa picha?

Na usinijibu "kina USB-C". Hilo ndilo jibu nililopewa mimi. Nilimuuliza muuzaji waziwazi, kwamba nataka kukiunganisha na monita, akanijibu bila hata kugeuza boksi lisomeke: "Hiki kina USB-C bosi, unachomeka tu picha inakuja." Nikalipa. Nikalipia na monita hapo hapo. Nilipochomeka, kishikwambi kikaanza kuchaji kutoka kwenye monita, vizuri kabisa, na monita ikaandika kwamba haioni ishara yoyote, kisha ikazima.

USB-C ni umbo la tundu. Basi. Tundu lina pini 24, na mtengenezaji ndiye anayeamua zipi ataziunganisha na nini huko ndani. Picha inapita kwa utaratibu unaoitwa DisplayPort Alt Mode, uliotangazwa mwaka 2014 na VESA, chama kinachoweka viwango vya monita, na utaratibu huo unahitaji zile jozi za nyaya za kasi zilizomo kwenye USB-C. Vishikwambi vingi vya bei ya chini na ya kati havina jozi hizo. Vimeunganishwa umeme na jozi moja ya USB 2.0, ile ya megabiti 480 kwa sekunde. Kwa hiyo vinachaji, vinasoma flashi, vinapokea kibodi na mausi, na kila ukichomeka kitu kinafanya kazi mpaka unaamini tundu ni zima kwa kila jambo. Ni zima kweli, ila njia ya picha haikuwekwa. Ni kama bomba lililopigiliwa ukutani bila mrija nyuma yake: badilisha koki mpaka uchoke, maji hayaji.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo hela nyingi zilipoteketea. Hasara ya kishikwambi peke yake ningeimeza. Kilichonimaliza ni vitu nilivyonunua baadaye ili kukitibu. Nilirudi kwa yule yule muuzaji nikamweleza kilichotokea. Akasema tatizo ni kebo, nichukue "kebo ya kasi". Nikachukua. Monita ikabaki nyeusi. Akasema basi nahitaji adapta ya USB-C kwenda HDMI. Nikachukua. Nyeusi. Akasema adapta ndogo hazina nguvu, nichukue habu, kile kiboksi chenye matundu mengi, yenye tundu la chaji pembeni. Habu ikawaka taa, kibodi ikaandika, mausi ikatembea, kadi ya kumbukumbu ikasomeka. Monita nyeusi. Unaona mtego ulivyo? Kila kifaa kilifanya kazi yake, kwa hiyo kila mara nilidhani bado kifaa kimoja tu. Mtu mwingine akaniambia nisubiri sasisho la mfumo litafungua hiyo huduma. Sasisho likaja. Halikufungua kitu, na lisingeweza, kwa sababu programu haiwezi kuchora waya ambao haumo kwenye bodi.

Kebo, adapta, habu, mpangilio wa siri kwenye menyu, sasisho: hakuna hata kimoja kinachoweza kuongeza njia ya picha kwenye tundu lisilo nayo. Andika hilo kwenye karatasi ubandike ukutani.

Nilipotaka kurudisha, nikaambiwa maboksi yameshafunguliwa. Mtu aliyejua modeli yangu, ambaye angeweza kusoma vipimo vyake kwa dakika mbili, aliniuzia adapta juu ya adapta akijua, au bila kujali kujua, kwamba hazitasaidia. Kwangu yote mawili ni wizi. Muuzaji asiyejua ana neno rahisi la kusema: "sijui, ngoja tujaribu." Angelisema hilo, tungechomeka pale pale kaunta na mambo yangeishia hapo.

Na wale wa video za mtandaoni nao wasijifiche. Kichwa cha habari kinasema kishikwambi cha bei rahisi kimekuwa kompyuta. Dakika za mwanzo unaonyeshwa kishikwambi cha bei rahisi kikiwa na madirisha yanayoelea kwenye kioo chake chenyewe. Kisha picha inakatwa, unaonyeshwa meza safi yenye monita kubwa, na kilicholala pembeni ni modeli ya juu kabisa ya kampuni ile ile. Hawasemi. Mfano ulio wazi ni DeX ya Samsung, ile huduma inayofanya kifaa kionekane na madirisha kama kompyuta. Ilianza mwaka 2017 na Galaxy S8, mwaka 2018 ikaingia kwenye Tab S4, na kwenye familia kuu ya Tab S unachomeka kebo na monita inakuwa meza yako. Lakini Tab A9+ nayo ina DeX, na watu wanaliona neno hilo kwenye tangazo wanakimbilia dukani. DeX ya Tab A9+ inafanya kazi kwenye kioo chake chenyewe. Tundu lake ni USB 2.0 na halitoi picha kwa waya. Neno ni lile lile na kampuni ni ile ile, ila mezani utapata vitu viwili tofauti kabisa.

Kwa hiyo unaposoma vipimo, tafuta neno DisplayPort kwenye mstari wa tundu la USB. Usihukumu kwa namba ya kasi peke yake, ingawa USB 2.0 iwe kengele ya hatari. iPad ya kizazi cha 10, ya mwaka 2022, ina kasi ya USB 2.0 na bado inatoa picha, kwa sababu Apple waliiwekea DisplayPort na wameiandika wazi kwenye vipimo. Kama neno halipo, chukulia kwamba huduma haipo mpaka macho yako yakuthibitishie vinginevyo.

Tuseme picha imetoka. Usishangilie bado, kuna shimo la pili. Kutoa picha na kuwa kompyuta ya mezani ni mambo mawili. Vishikwambi vingi vinavyotoa picha vinaakisi tu: monita inaonyesha kile kile kilichoko kwenye kioo kidogo. Hiyo iPad ya kizazi cha 10 ni hivyo. Fungua jedwali la hesabu uone. Kama kwenye kioo cha kishikwambi unaona safu kumi, kwenye monita ya inchi 27 utaona safu kumi zile zile, zimenenepa. Hujapata nafasi ya kuweka ripoti pembeni ya jedwali, umepata herufi kubwa. Kioo kikiwa na umbo la 4:3 na monita yako ni 16:9, robo ya upana wa monita inabaki mistari myeusi kushoto na kulia, umeilipia na huitumii. Tena ukifunga kifuniko cha kishikwambi au kioo kikizima chenyewe, monita nayo inazima, kwa hiyo kinabidi kikae wazi mbele yako siku nzima.

Unachotaka wewe ni kutanua: monita iwe na madirisha yake, kishikwambi kiwe na yake. Kwa upande wa iPad, hilo lilikuja na Stage Manager, huduma ya Apple ya kupanga madirisha mengi, kwenye iPadOS 16.2, Desemba 2022, na ilihitaji chipu ya M1 au ya juu yake. Hapa napo watu wanaumia, maana iPad Pro ya 2018 ina USB-C, inatoa picha safi, inaitwa Pro, na Stage Manager inayo, ila kwenye kioo chake tu. Ukiichomeka kwenye monita inaakisi. Ukiuziwa hiyo kwa mtumba kwa maneno ya "Pro hiyo, inafanya kila kitu", kataa.

Kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mnichoke: PICHA KWANZA, HELA BAADAYE. Nenda na kebo yako. Mwambie muuzaji achomeke kishikwambi hicho hicho unachonunua, si "kinachofanana nacho", kwenye monita yoyote aliyonayo. Picha ikitoka, fungua programu mbili, moja iburute kwenye monita, nyingine iache kwenye kishikwambi. Peleka mshale wa mausi kutoka kioo kimoja kwenda kingine. Vioo vyote viwili vikionyesha kitu kile kile, hapo kuna kuakisi tu. Kisha chomeka chaji kupitia habu huku picha ikiendelea, kwa sababu kishikwambi kina tundu moja, na ukilitumia kwa picha bila njia ya chaji, betri itaisha katikati ya kazi. Picha inaweza kupotea kidogo wakati chaji inaingia, isirudi peke yake ndiyo shida. Muuzaji akikataa kujaribu, ondoka. Hata kama bei ni ya kutupa, ondoka.

Ile kebo unayokwenda nayo pia ihakikishe mapema. Kebo inayokuja na simu au kishikwambi mara nyingi ni ya chaji na USB 2.0, haina nyaya za picha hata kama ncha zake zote ni USB-C. Ukijaribu kwa kebo hiyo utakikataa kishikwambi kizuri bure. Tumia iliyoandikwa kwamba inabeba video, au ya Thunderbolt, ile ya kasi kubwa yenye ncha za USB-C. Kwenye habu, kama monita ni ya 4K, soma kama ni hezi 30 au 60, yaani picha inabadilika mara ngapi kwa sekunde. Kwa hezi 30 mshale wa mausi unaonekana kuburuzwa, na kazi ya kutwa nzima inachosha macho.

Kuna atakayekuja kukwambia utumie adapta za DisplayLink. Hizo kwenye Android zinapeleka picha kama data kupitia programu yake, kwa hiyo zinaweza kuonyesha kitu hata kwenye tundu lisilo na DisplayPort. Lakini zinaakisi, video zenye ulinzi wa hakimiliki hazionekani, na kwenye USB 2.0 picha inakokotwa. Kwa iPad usijisumbue, haikubali. Njia ya bila waya nayo ipo, inatosha kutazamia filamu. Kwa kuandika, herufi inachelewa baada ya kidole, jaribu uone kama utavumilia.

Excel yenye makro: toleo la vishikwambi vya Android na iPad halikimbizi makro za VBA, lugha ambayo makro za Excel huandikwa kwayo. Faili litafunguka, namba utaziona, ila kile kitufe cha makro hakitafanya kitu. Kama kazi yako inategemea makro, hata kishikwambi bora kuliko vyote hakitakufaa, na kwa hela ya hiyo monita pamoja na habu ungeangalia kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika yenye Windows. Nakwambia hivi nikiwa natumia kishikwambi kingine mezani kila siku, kinachotanua, kimechomekwa kebo moja kwenye monita inayokichaji. Nakipenda sana. Nilikijaribu kwanza.

Ulichotuandikia ni "cha inchi 11" tu, na hicho hakitoshi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu kifaa, nakili namba ya modeli yote na herufi zake, iweke hapa. Kama bado kipo dukani, omba wakupigie picha nyuma ya boksi. Na ile monita, kama ulishaiwekea oda, waambie waisitishe leo hii kabla haijatoka.